Mnana, Kobe na Banio la Mfereji

Juu ya Nkoaranga, pale migomba inapokoma na msitu wa Mlima Meru unapoanza, palikuwa na mfereji wa wanyama. Haukuwa mkubwa, hata Nguchiro aliuruka bila kujiandaa. Maji yalitoka kijitoni, yakaingia kwenye banio, yakateremka kupitia magimbi ya Nguchiro, migomba ya Mzee Mbega na kahawa ya Mama Kanga, hadi kwenye kibustani cha Digidigi kilichokuwa mwisho kabisa, mahali maji hufika yakiwa yamechoka.

Banio lenyewe lilikuwa tundu lililozibwa kwa kipande cha shina la mgomba na udongo. Alfajiri Kobe alitoka nyasini, akaingiza kichwa ndani, akaliegemeza gamba lake kwenye lile shina, akasukuma mara moja. Maji yakatoka. Jioni akazunguka upande wa pili, akasukuma mara moja. Maji yakakoma. Akalala. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumshukuru, kwa sababu hakuna aliyewahi kuamka akakuta maji hayapo.

Siku moja Kobe akaomba ruhusa. Mwanawe alikuwa amehamia Ngare Nanyuki, upande ule mkavu wa mlima, naye alitaka kumwona kabla macho hayajaisha nguvu. Majirani walimwonya asinywe maji ya kule, maana yana floridi nyingi na watu wake huota meno ya kahawia tangu utotoni. Kobe akacheka mpaka ufizi ukaonekana. Kobe hana meno.

"Nitachukua muda njiani," alisema. "Lakini kazi yenyewe si kazi. Anayetangulia kunywa, asukume."

Akashika njia. Wenzake wakaitisha kikao.

Arusha ni mji wa mikutano, na wanyama wa Meru wameishi karibu na mji huu muda wa kutosha. Walikuwapo lile jengo la mikutano la AICC lilipoanza kupokea wajumbe mwaka 1978, wakajifunza mengi kutoka madirishani. Kikao chao kilichukua siku tatu. Palikuwa na ajenda, palikuwa na akidi, palikuwa na chai ya saa nne, na posho ilikuwa ndizi mbivu mbili kwa kila mjumbe, tatu kwa anayetoka mbali. Mzee Mbega aliketi kitini juu, ile shuka yake nyeupe ikining'inia mabegani. Kwarara, katibu, alisoma pendekezo la Kobe: Anayetangulia kunywa, asukume. Akalisoma tena, safari hii akihesabu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ni maneno matatu. Tumekaa siku tatu. Nitaandika nini kwenye muhtasari?"

"Neno moja kwa siku," akasema Nguchiro, akaombwa atoke nje.

Mzee Mbega akakohoa. "Ndugu wajumbe, mlima huu una mita 4,562. Haiwezekani maji yake yafunguliwe kwa maneno matatu."

Wakapiga makofi. Ndipo Mnana akanyoosha bawa.

Kama umewahi kuketi chini ya mti wa mnana unajua dume lake lilivyo. Hawezi kukaa bure. Huuma ukingo wa jani la tete, kisha huruka kwenda juu, na utepe unachanika urefu wa jani zima ukimfuata mdomoni. Anarudi tawini, anaukanyaga kwa mguu mmoja, anaupitisha juu, anaupitisha chini, anauvuta kutoka upande wa pili, anaukaza. Kiota kikiisha anakining'inia kichwa chini huku akipiga mbawa na makelele ili jike aje akione. Jike huja. Huvuta utepe hapa, huvuta pale, hutoka, huenda zake. Majani yakikauka bila kiota kupata mwenyewe, dume hukifumua chote na kuanza upya. Huyu wetu alikuwa amefumua viota kumi na kimoja msimu ule. Cha kumi na mbili alikitia mlango wenye kona tatu. Wala hazikuwa za kumzuia nyoka. Alipoulizwa ni za nini alisema, "Nilitaka kuona kama inawezekana."

Basi Mnana akaeleza mpango wake. Utakuwa uzi mmoja, alisema, mwanzo hadi mwisho, bila kiungo hata kimoja. Hilo la kutokuwa na kiungo alilirudia mara nne, kwa hiyo lilikuwa muhimu kwake. Usiku Perere analia. Kila anayelala kando ya msitu wa Meru anamjua Perere: anaanza kama mlango wa kabati bovu na kuishia kama mtu anayechinjwa. Kilio cha Perere kitapokelewa na Paka, ambaye atakirudia. Kinyonga atamsikiliza Paka, na kwa kila kilio atabadili rangi. Sisimizi watazipanga rangi hizo kutoka iliyofifia hadi iliyokoza. Fuko atatupa zilizojirudia. Zitakazobaki zitahesabiwa na Nguchiro, na zikifika saba atavuta uzi, uzi utapita katika mafundo arobaini na moja, na shina la mgomba litainuka.

"Fuko si kipofu?" mtu akauliza.

"Hilo ndilo tamu lake," akasema Mnana.

Mama Kanga akanyoosha shingo. "Samahani, mwanangu. Perere tunamsikia sote, mpaka Usa River wanamsikia. Sasa huyu Paka anamrudia kwa ajili ya nani?"

"Mama, Paka hukaa mwanzo wa kila uzi. Ndivyo inavyofanywa."

Paka akajilamba.

Hakuna aliyeelewa, na kwa hiyo hakuna aliyepinga. Mpango ukapita kwa kauli moja, na Kwarara akaujazia kurasa nane.

Nikatize kidogo. Wanaoshinda mbele ya kompyuta watakuwa wameshamtambua yule Paka. Kuna amri iitwayo cat, na Mwingereza akiitazama anaona paka, ingawa jina hilo limekatwa tu kutoka neno lenye maana ya kuunganisha. Kazi yake halali ni kuunganisha mafaili na kuyamwaga. Ila watu humweka mlangoni amwagie faili moja amri ambayo ingelifungua faili hilo yenyewe bila msaada, na miaka ya 1990 Mmarekani Randal Schwartz alikuwa akiwatunuku wenye tabia hiyo tuzo ya matumizi ya bure ya cat. Ningeipata mimi kila wiki.

Amri hizi huandikwa kwenye kitu kinachoitwa sheli. Hapa mjini ukiuliza sheli iko wapi utaelekezwa kituo cha mafuta, lakini kwa mafundi wa mifumo sheli ni gamba: programu inayokizunguka kiini cha mfumo, inapokea unachosema na kukipeleka ndani. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Louis Pouzin katika miaka ya 1960. Ukiandika amri zako kwenye faili ili zifuatane zenyewe, umeandika skripti. Na ule mtindo wa Mnana, wa mmoja kupokea kinachotoka kwa mwenzake, nao una mwenyewe: Doug McIlroy wa maabara ya Bell Labs, aliyeandika mwaka 1964 kwamba programu ziungwe kama mpira wa kumwagilia bustani, unaongeza kipande kila unapokihitaji. Alisubiri hadi 1973 ndipo Ken Thompson alipoutia mtindo huo ndani ya mfumo wa Unix. Angezaliwa huku Akheri, McIlroy asingesema mpira, angesema mfereji.

Ni McIlroy huyohuyo ambaye mwaka 1986 aliombwa kuhakiki programu ya Donald Knuth ya kutafuta maneno yanayojirudia zaidi katika maandishi. Knuth alikuwa ameiandika kwa kurasa kadhaa, kila kipande kimechongwa kama kinyago cha Mmakonde. McIlroy akaisifu, tena kwa dhati, kisha akaonyesha kwamba amri sita zilizopangwa moja nyuma ya nyingine zinatoa jibu lilelile. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa Kobe. Mimi sikubali moja kwa moja. Knuth aliombwa aonyeshe namna yake ya kuandika. Hakuna aliyemwomba afungue banio. Na tangu 1984 yapo mashindano ya kimataifa ya kuandika programu za lugha ya C zisizosomeka hata na mwenyewe akiamka kesho yake. Washindi wake ni watu wenye akili timamu, na hakuna mtu anayekunywa maji kutoka kwenye programu hizo.

Haya, tumrudie Mnana.

Siku ya kwanza uzi ulifanya kazi. Wanyama walipanga mstari kandokando ya mfereji, wakasikia Perere, wakamsikia Paka akimwiga Perere, wakamwona Kinyonga akipita katika rangi ambazo hajawahi kumwonyesha hata mkewe. Maji yalitoka saa tatu asubuhi badala ya alfajiri, lakini yalitoka, na shangwe zikasikika hadi Tengeru sokoni. Mnana aliruka kutoka tawi hadi tawi. Hakuna jike aliyewahi kumtazama hivyo.

Lakini fundi wa namna hii ukimsifu umemharibu. Usiku uleule akaamua uzi usiishie kufungua tu, ugawe kabisa. Akaandika majina ya wenye mashamba kwenye jani la mgomba, yakifuatana kwa mstari mmoja. Uzi ukilifikia jina, unaachia kibuyu kimoja cha maji, kisha unasogea kwenye jina linalofuata.

"Utajuaje jina limeisha wapi?" aliuliza Fuko, ambaye kwa kuwa haoni alikuwa na mazoea ya kuuliza.

"Penye nafasi," alisema Mnana. "Nafasi ikitokea, hapo ni jina jingine."

Kwenye lile jani Digidigi aliandikwa Digidigi. Mama Kanga aliandikwa Mama Kanga. Na mwenyekiti, kwa kuwa Kwarara ndiye aliyetoa orodha na Kwarara ni ndege mwenye adabu, aliandikwa Mheshimiwa Mwenyekiti Mzee Mbega.

Umeshaona. Uzi ulifika ukasoma Mheshimiwa, ukaachia kibuyu. Maji yakamtafuta Mheshimiwa, hayakuona shamba lake, yakateremka kidogo yakakuta migomba ya Mbega. Ukasoma Mwenyekiti, ukaachia kibuyu. Ukasoma Mzee. Ukasoma Mbega. Vibuyu vinne kwa shamba moja. Mama Kanga akapata viwili, kimoja cha Mama na kimoja cha Kanga. Digidigi akapata kimoja, jua likiwa limeshainama.

Kosa hili si la hekaya. Ndilo kosa la kwanza ambalo sheli humfundisha kila anayeingia, na wengine hulirudia hadi wanastaafu: jina la faili likiwa na nafasi katikati, sheli inaliona kuwa majina mawili. Mimi lilinipata kwa picha. Shemeji aliniletea picha arobaini za kipaimara cha mwanawe, akataka zipewe majina yanayofuatana. Kwa mkono ni kazi ya dakika kumi. Nilitumia usiku mbili kuandika skripti ya mistari mia tatu, iliyokuwa na rangi, iliyopiga kengele ikimaliza, na iliyokokotoa umri wa mwezi siku ya kila picha bila kuombwa na yeyote. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini. Zilitoka picha thelathini na tisa. Iliyopotea ilikuwa imeandikwa "bibi na mjukuu", maneno matatu na nafasi mbili, na bibi yule hakuishi hadi kipaimara kilichofuata. Dawa yake ni alama mbili za nukuu, moja mbele ya jina, moja nyuma. Alama mbili. Umri wa mwezi niliukokotoa sawasawa kabisa.

Wa kwanza kuujua mchezo alikuwa Sungura, nani mwingine. Siku ya tatu alikwenda kwa katibu akasema jina lake limekosewa, yeye ni Daktari Mhandisi Sungura. Akapata vibuyu vitatu. Siku ya nne Kima akawa Balozi Mstaafu Kima. Fisi akawa Mchungaji Fisi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anachunga nini. Hondohondo hakuhitaji hata cheo. Aliomba tu jina lake liandikwe sawasawa, Hondo, nafasi, Hondo. Nguchiro, aliyekuwa bado anavuta uzi kila asubuhi, akajiita Mkurugenzi Mwanzilishi Nguchiro. Mbega alipoona vibuyu vyake vinne vimekuwa vya kawaida, akakumbuka kwamba yeye pia ni Chifu, ni Mlezi, na ni Mjumbe wa Kudumu. Jani la mgomba halikutosha. Wakaongeza la pili.

Katika wiki mbili, mlima mzima ulikuwa na shahada.

Sungura ana ubaya wake lakini hana uchoyo wa maarifa. Alimkuta Digidigi amesimama kwenye kibustani chake, udongo umepasuka, akamwambia, "Dada, wewe una bahati, jina lako limekwisha kukatika lenyewe. Kaandike Digi, acha nafasi, andika Digi."

Digidigi akafikiri. "Huyo wa pili atakuwa nani?"

"Hakuna."

"Akija kudai maji yake?"

Sungura akamtazama muda mrefu, kisha akaondoka bila kuaga.

Jua sasa lilikuwa linazama kabla uzi haujalifikia jina la mwisho. Digidigi akaenda hadi chini ya mti wa Mnana, akamweleza yote: vyeo, vibuyu, jani la pili, udongo uliopasuka. Macho ya Mnana yakang'aa. Ungedhani ni huruma. Kumbe alikuwa ameliona fundo jipya.

"Mafundo mawili madogo yangetosha," alisema, "moja mbele ya jina, moja nyuma. Lakini hilo linachosha hata kulifikiria. Ngoja."

Akafanya hivi. Kwa kila jina kwenye jani, Panya mmoja atatumwa kumtafuta mwenye jina. Akimpata, anarudi na maji yanaachiwa. Asipompata, asirudi mikono mitupu: aite panya wawili wamsaidie kutafuta. Na hao wawili wapewe maagizo yaleyale.

Alfajiri Panya wa kwanza akatoka kumtafuta Mheshimiwa.

Hakumpata. Akaita wawili. Wawili wakatafuta magimbini, kwenye kahawa, chini ya mizizi ya mkuyu, Mheshimiwa hayupo. Wakaita wanne. Wanne wakaita wanane. Ukiongeza maradufu hivyo, mara ya kumi unatuma panya 1,024, na mara ya ishirini unatuma zaidi ya milioni moja, na hapo ni kwa Mheshimiwa peke yake. Bado Mwenyekiti, bado Mlezi, bado Mkurugenzi, bado Balozi, bado yule Hondo wa pili. Kufikia saa nne, wakati wa chai, nyasi zote kuanzia banioni hadi kwa Digidigi zilikuwa zinatembea. Mafundi wa sheli wanayo skripti ya namna hii, fupi kuliko jina lako, alama chache tu zisizofanana na neno lolote; inajiita yenyewe mara mbili, na kila inayoitwa inajiita mara mbili, hadi mashine inakosa hata pumzi ya kusikia unapoiambia basi.

Ungetegemea Paka angefanya kitu. Paka alisikia kelele za panya, akazirudia.

Panya wenye njaa hawachagui. Uzi wa Mnana ulikuwa wa majani ya tete, mabichi, matamu, uliosukwa bila kiungo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo palipoanza kuliwa hapakuwa na pa kusimamia. Mafundo yote arobaini na moja yalikwisha kabla ya adhuhuri. Shina la mgomba likateleza, likarudi tunduni, likakaa. Panya wakatawanyika. Mfereji ukakauka.

Kikao kikaitwa. Safari hii posho ilikuwa ndizi moja kwa kuwa migomba nayo ilikuwa inanyauka, na wajumbe wakalilalamikia hilo asubuhi nzima. Mchana wakakubaliana aletwe mtaalamu. Akaletwa Heroe kutoka maziwa ya Momella, ndege anayekula na kunywa kwenye maji ya magadi ambayo mwenzangu na mimi hatuwezi kuyaonja, kwa hiyo wote walimheshimu. Heroe alisimama kwa mguu mmoja kando ya mfereji mkavu siku mbili. Siku ya tatu akabadili mguu. Akasema tatizo ni kumtegemea Paka mmoja. Awepo Paka wa pili, wa akiba. Akaondoka na ndizi za siku tano.

Usiku ule Digidigi hakulala. Kulipopambazuka aliteremka mlima, akapita Nkoaranga, akashika njia ya kwenda Usa River akitazama nyasi za pembeni. Alidhani itambidi afike Ngurdoto, pengine Momella. Zilikuwa zimepita siku arobaini tangu Kobe aage. Alimkuta kabla ya Usa River, chini ya mti wa mbuni, anatafuna.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Naona nimeenda mwendo mzuri." Akameza. "Hapa pametulia. Ila usiku namsikia Perere, na kuna paka anamwiga. Ni mgonjwa?"

Digidigi akamsimulia yote. Kobe alisikiliza kichwa kikiwa nje, na ilipofika sehemu ya panya kikarudi ndani kidogo.

"Sasa babu, tumekaa bila maji siku sita. Turudi wote, tafadhali."

"Kupanda nitachukua siku sitini. Mtakuwa mmekwisha." Akatafuna tena. "Ulisukuma?"

"Nini, babu?"

"Lile shina."

"Hapana, babu. Limewekewa uzi."

"Uzi si umesema panya wameula?"

Digidigi akanyamaza. Upepo ukapita kwenye mibuni. Kobe akamtazama kwa upole, kama anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu huu na huu, kisha akageuza mwili wake taratibu kuelekea Ngare Nanyuki.

"Mwanangu ananingoja," alisema. "Wasalimie."

Digidigi alirudi mbio bila kupumzika. Alifika banioni usiku mkubwa, akainamisha kichwa chake kidogo, akakiegemeza kwenye lile shina la mgomba, akasukuma. Halikutoka, yeye si Kobe. Akarudi nyuma hatua tatu, akaja na mwendo, akasukuma tena. Maji yakamrukia puani.

Kesho yake kikao kiliandika kwamba, wakati taarifa ya mtaalamu ikiendelea kufanyiwa kazi, anayetangulia kunywa asukume, kama suluhisho la muda. Suluhisho la muda ndilo linalotumika mpaka leo. Paka wote wawili wapo, na wanalipwa.

Mnana aliitwa akapewa cheti. Kisha, kwa sauti ya chini na bila kuandika, akaombwa asisogee tena karibu na banio. Aliteremka hadi Duluti, lile ziwa lililo kwenye shimo la volkano chini ya Tengeru, akachagua tawi lililoinamia maji. Jioni moja Digidigi, ambaye magimbi yake yalikuwa yameshachipua, alipita pale akamkuta anasuka. Kilikuwa kitu cha ajabu: uzi mmoja, bila kiungo, ukizunguka tawi, ukijipitia wenyewe, ukiingia kwenye kichaka cha mafundo ambayo hata kuyafuata kwa jicho kulitia kizunguzungu.

"Kinafanya nini hiki?" akauliza.

Mnana akasita. Alizoea kujibu swali hilo kwa maelezo marefu. "Hakifanyi kitu," akasema.

"Hakifungui chochote?"

"Chochote."

Akashika ncha moja ya uzi kwa mdomo, akaivuta kidogo tu. Fundo la kwanza likalegea, likalifungua la pili, la pili likalifungua la tatu, na mlio mdogo kama wa mvua inayoanza ukapita kwenye tawi lote, fundo baada ya fundo, hadi uzi mzima ukanyooka, ukaanguka majini ukiwa umenyooka, na viduara vikaenda hadi ukingo wa pili.

Digidigi akakunja miguu, akakaa chini.

"Funga tena," akasema.